Picha kubwa ya ukutani kwa kanga moja, na bajeti haifiki shilingi 30,000

Sebule yangu ina ukuta mmoja mrefu nyuma ya sofa, kama mita tatu na nusu hivi, na kwa miaka miwili ulikuwa mweupe tu una alama ya kichwa cha mume wangu pale anapoegemea akiangalia mpira. Nikaenda duka moja la mapambo kuulizia picha, zile za majani makubwa ya kijani ambazo siku hizi kila nyumba unazikuta, nikaambiwa 180,000, nikaigeuza nyuma nikakuta karatasi imebandikwa kwenye ubao mwepesi kama boksi. Nikasema asante kaka, nikatoka. Nikapitia mtaa wa Uhuru hapa Dar kununua kanga za shughuli ya jirani, nimesimama pale muuzaji anazikunjua moja moja anazitupia juu ya meza, ndo akili ikanijia, hivi hizi si picha hizi jamani?

Maana ukiiangalia kanga vizuri mchoraji ameshamaliza kazi. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake kwenye kisanduku chini, kila kitu kimeshapangwa na rangi zimeshachaguliwa na mtu anayejua. Kazi yako wewe inabaki moja tu, kuinyoosha ikae wima bila kupinda. Hiyo moja sasa ndo ina mambo, mimi ya kwanza niliiharibu, kwahiyo naandika hapa ili wewe usipite nilikopita.

Kuchagua kanga

Chukua ya pamba tupu. Siku hizi kuna zilizochanganywa na polista, zinang'aa kidogo na zinateleza mkononi, hizo kwenye fremu zinasumbua sana, unavuta huku inarudi kule na mikunjo haitoki kwa pasi. Kama huna uhakika chomoa uzi mmoja pembeni uuchome na kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inabaki majivu laini, polista inayeyuka inakuwa kipande kigumu kama tone la plastiki. Muuzaji atakuangalia vibaya ila muache.

Jina la kanga lisome kabla hujalipa!! Nasema kwa uchungu. Mimi nilipenda rangi, njano na zambarau na maua ya korosho, jina nikalipitia juu juu tu, "Hasidi hana sababu". Nikatundika, nikafurahi, nikapiga na picha. Wiki mbili baadaye wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kutoka Tanga na kwenye sofa akakaa lile la mbele linaloangaliana na ukuta. Nimeleta chai, kimya. Nimeleta maandazi, kimya. Mwisho akasema, "Wifi, hapa hasidi ni nani?" Nilijieleza mpaka nikachoka, kwamba ni rangi tu wifi, nilipenda rangi tu. Kwenye kanga hakuna rangi tu, kila mtu aliyekulia pwani anajua kanga inasema, na ukiitundika sebuleni inamsemesha kila anayeingia. Kwahiyo ukiwa na wageni wengi chukua "Mgeni njoo mwenyeji apone" au "Wema hauozi", hizo hazina ugomvi na mtu. Au chukua kisutu, ile ya asili nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayovalishwa maharusi, yenyewe haina jina kabisa na ukutani inatulia balaa.

Kuna na kanga za bure za kampeni, kila nyumba zipo. Hizo sisemi kitu, ukuta ni wako.

Halafu kama unazo za bibi, zile za zamani za Mombasa zilizoandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla pembeni, hizo usizikate wala usizipige msumari. Kwa njia nitakayoelekeza hapa chini hata hizo zinawekwa ukutani na siku ukitaka unazitoa zikiwa nzima.

Ifue kwanza

Kanga mpya ina wanga, ndo maana inasimama kama karatasi. Ukiinyoosha hivyo hivyo itaonekana imekaa vizuri, af siku ikipata unyevu wanga unalegea na picha inafanya tumbo. Loweka usiku kucha, fua, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini. Itarudi ndani kidogo, ndo maana vipimo vyote unachukua baada ya kufua na sio kabla. Yangu baada ya kufua ilikuja sentimita 148 kwa 105, yako inaweza kuwa tofauti, usikopi namba zangu. Ipige pasi ikiwa bado ina unyevunyevu kwa mbali.

Utepe mweusi, hii ndo siri yenyewe

Ya kwanza niliyoharibu nilifanya wanavyofanya wengi, nikatengeneza fremu ndogo kuliko kanga nikakunja pindo kwa nyuma nikapiga pini za stepula. Matokeo yake pindo lote limeishia nyuma ya mbao, mbele umebaki mji unaelea na jina limekatwa nusu kwa chini, herufi unaziona vichwa tu. Kanga bila pindo sio kanga, inakuwa kitambaa chochote tu.

Dawa yake ni kuiongezea kitambaa pembeni. Nunua mita moja ya kitambaa cheusi cha pamba, kaniki ukiipata ndo yenyewe, ila kaniki inachuja rangi vibaya mno, ifue peke yake mara tatu nne mpaka iache, la sivyo utapata kanga ya bluu. Kata tepe za upana wa sentimita 12, mpelekee fundi cherehani azishonee pande zote nne za kanga. Mimi fundi wa pale mtaani alinichaji 3,000 na akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Hiyo 12 inagawanyika hivi: sentimita moja ya mshono, mbili zitaonekana kwa mbele kama ukingo mweusi, mbili na nusu zinafunika unene wa ubao, zinazobaki zinageukia nyuma ndo unapigia pini. Ule ukingo mweusi unaifanya picha ionekane ya dukani kabisa, watu wanauliza umetengenezesha wapi.

Mbao

Nenda kwa wauza mbao uchukue wani bai tuu, yaani mbao za inchi moja kwa mbili, futi 12, mbili. Zichague mwenyewe, usimwachie kijana akutolee tu za juu. Shika ubao mwisho mmoja, uinue usawa wa jicho uangalie kwa urefu kama unalenga bunduki, kama umepinda utaona. Af ushike mkononi, ukiwa mzito na wa baridi kama umetoka kumwagiwa maji huo ni mbichi, acha. Mimi ya kwanza nilichukua mbichi, fremu ilikaa sawa siku nne, ya tano kona moja ikanyanyuka ukutani kama sambusa.

Kingine, mafundi wengi wakisikia mchwa wanakimbilia oili chafu. Kwenye paa sawa, kwenye fremu ya kitambaa hapana, ile oili inapanda kwenye kanga taratibu na haitoki milele. Omba mbao iliyotiwa dawa, na ukipata kavu safi tu inatosha maana hii inakaa ndani.

Vipimo vyangu: kanga 148 kwa 105, toa sentimita moja ya mshono kila upande inabaki 146 kwa 103, ongeza zile mbili nyeusi kila upande inakuwa 150 kwa 107. Hiyo ndo fremu kwa nje. Ubao wa kwanza unatoa vipande viwili vya 150. Wa pili unatoa vitatu vya 97, maana vinaingia katikati ya vile virefu na ubao ukilala una upana wa kama sentimita 5, tano huku na tano kule. Vile viwili vya pembeni, cha tatu cha katikati kuzuia fremu isibonyee ukivuta kitambaa. Wakatie hapo hapo kwa muuza mbao, kule wana mashine na mara nyingi hawakudai kitu.

Panga chini kwenye sakafu iliyonyooka, paka gundi ya mbao, gongelea misumari miwili kila kona. Kabla gundi haijakauka pima kona kwa kona, juu kushoto mpaka chini kulia, af ile nyingine. Zikilingana fremu iko sawa. Yangu ilitakiwa isome 184 na kidogo kote kote, kwanza ikaja 183 na 186, nikasukuma na goti upande mmoja mpaka ikakubali. Ukiruka hatua hii ujue jina la kanga litalala upande na hakuna kitu kitakachokuokoa. Kona ziongezee nguvu kwa vipande vya pembetatu vya plaiwudi kwa nyuma, kwa fundi yeyote utaokota mabaki bure.

Kile kipande cha katikati ukikigongelea kisogeze nyuma nusu sentimita, kisiwe sawa na mbele. Kikiwa sawa kitagusa kanga na baada ya mwezi utaona mstari umejichora katikati ya picha. Piga msasa kingo za mbele zote, ukipitisha kiganja pasikukwaruze.

Kuvuta kitambaa

Hapa usiwe na haraka, na watoto walale kwanza.

Kanga nyingi ni nyepesi, ukuta au mbao vinaonekana kwa nyuma, kwahiyo tanguliza shuka jeupe la zamani juu ya fremu, lipigie pini chache tu likae. Af chukua kanga, ikunje nne, kila upande uweke alama ya katikati kwa chaki au pini ya fundi cherehani. Fremu nayo iweke alama za katikati kwa penseli kwa nyuma. Tandaza kanga chini uso ukiangalia sakafu, iweke fremu juu yake, linganisha alama na alama.

Pini ya kwanza piga katikati ya upande mrefu wa chini, ule wenye jina. Nenda upande wa juu, vuta mpaka usikie kitambaa kimekaza, piga ya katikati. Af kushoto katikati, af kulia katikati. Sasa una pini nne tu na kanga imeshakaa kama msalaba. Kuanzia hapo unatoka katikati kwenda kwenye kona, pini moja chini, moja juu, moja kushoto, moja kulia, unazunguka hivyo hivyo, kila pini sentimita nne tano kutoka mwenzie. Usimalize upande mmoja wote ndo uhamie mwingine, hilo ndo kosa la kila mtu, ukifanya hivyo mikunjo yote unaisukumia upande wa mwisho na inakuwa haina pa kwenda.

Kwa upande wa jina kila baada ya pini tatu inua fremu uitazame mbele. Ule mstari wa kisanduku cha maandishi ndo rula yako. Ukiona umeanza kufanya mawimbi, chomoa pini mbili za mwisho, vuta moja kwa moja na sio kwa mshazari, rudia. Mimi upande ule nilirudia mara tatu na mkono ukaota lengelenge.

Kona ifanye kama unafunga zawadi, ile ncha ivute kwenda katikati ya fremu upige pini moja, af kunja masikio mawili yaliyobaki moja juu ya jingine, ukikuta nguo imekuwa nene punguza na mkasi ila kwenye ule utepe mweusi tu, mkasi usikaribie kanga. Ukimaliza igonge na kidole katikati, itoe sauti kama ngoma ya mtoto.

Kuhusu pini, mafundi sofa wana ile stepula ya bunduki, muombe akuazime nusu saa umpe hela ya soda. Ukikosa tumia misumari midogo ya fundi viatu na nyundo ndogo, inachelewesha ila inashika. Stepula ya ofisini isahau, inaingia milimita mbili usiku unasikia inachomoka moja moja ta, ta, ta.

Kutundika

Kabla ya kutoboa chochote kata magazeti uyaunganishe yawe saizi ya picha, yabandike ukutani kwa selotepu ya karatasi, yaache siku mbili. Utajua kama iko juu sana, na wengi wetu tunatundika juu sana, picha inakuwa inasalimiana na feni. Yangu ukingo wa chini uko kama sentimita 20 juu ya mgongo wa sofa basi. Sofa ina sentimita 210 na picha 150, inakaa vizuri, ingekuwa ndogo zaidi ingeonekana imepotea.

Ukuta wa tofali la saruji unataka msumari wa zege au utoboe na drili uweke fisha, kile kiplastiki cha kuingia tunduni, na skrubu. Weka mbili, sio moja, moja picha inaegemea kila mlango ukibamizwa. Kama lipu ina mchanga mwingi inamomonyoka, unajua kwa sababu ukigonga inamwagika kama unga, basi hapo usigongelee, lazima drili na fisha.

Wapangaji wenzangu ambao mama mwenye nyumba hataki tundu hata moja, najua. Zile hook za kubandika nilijaribu, kwenye ukuta wa rangi ya maji na joto letu hili zilishika siku tisa, usiku wa saa nane picha ikaporomoka ikapiga meza ya kioo, mume wangu akatoka na panga. Tumia tundu lililoachwa na mpangaji aliyepita, au funga kamba nyeusi kwenye bomba la pazia uishushe, au iweke tu juu ya kabati iegemee ukuta, mbona inapendeza.

Kona mbili za chini kwa nyuma gundisha vipande vya ndala ya zamani. Picha inakaa mbali na ukuta kidogo hewa inapita, maana masika ukuta ukitoa jasho kanga inapata vidoa vyeusi vya ukungu. Na usiitundike panapopigwa na jua la mchana, dada mmoja jirani yangu yake imepauka nusu, upande wa dirisha imekuwa kama ya miaka ishirini.

Gharama zangu, bei za siku ile: doti 12,000, mbao mbili 6,000, kitambaa cheusi 4,000, fundi cherehani 3,000, gundi na misumari 3,500, msasa 1,000. Jumla 29,500, na doti ni kanga mbili kwahiyo bado nina nyingine.

Vinavyobaki

Mabaki ya mbao na plaiwudi usitupe, unatoka fremu ndogo za kitenge za ukumbini. Nyungo nazo, chukua tatu za saizi tofauti, mbili ziache hivyo hivyo moja uipake rangi nyeusi nusu, zitundike zimekaribiana, msumari mmoja kila ungo na kazi imeisha. Na kama mkono wako unajua kuchora hata kidogo, kipande cha hadibodi na rangi ya mafuta vinatosha. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alichorea hadibodi kwa rangi za baiskeli kwa sababu ndo alivyovimudu, na leo mtindo wake wazungu wanabeba kwenye masanduku. Upande laini wa hadibodi upake rangi nyeupe mara mbili kwanza, ikikauka ndo uanze, bila hivyo inanywa rangi yote.

Kusafisha ni brashi laini ya nguo mara moja kwa wiki mbili, kutoka juu kushuka, basi. Ikichafuka kweli au ukiichoka, chomoa pini kwa bisibisi bapa, fua, rudisha au weka nyingine. Mimi baada ya ile ziara ya wifi niliibadilisha wiki hiyo hiyo, sasa hivi ipo kisutu. Ile ya hasidi nilifumua utepe mweusi, nikaupiga pasi, naivaa nikiwa jikoni, na matundu yote ya pini yalibaki kwenye utepe, kanga yenyewe haina hata moja.